Fimbo ya Kuvulia Sangara: Pesa Yako Uiweke Wapi

Kila likizo ikikaribia naulizwa: ninunue fimbo gani ya kuvulia sangara? Jibu langu ni lile lile. Anza na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, na mshipi wenyewe; fimbo itafuata. Wengi hapa Mwanza wanafanya kinyume: pesa inaishia kwenye fimbo inayong'aa, halafu wanaifunga rili ya bei poa ambayo breki yake inakwama samaki akivuta mara ya kwanza. Sangara mkubwa anapita kilo 100, usimwendee na breki ya kubahatisha.

Kabla ya kulipa, funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, uvute taratibu. Breki nzuri inaachia mshipi kwa ulaini, hairukiruki. Kwa mshipi wa kusuka unaohimili mvuto wa kilo 24, ikaze ianze kuachia kwenye kilo 6 hadi 8.

Ninachosisitiza zaidi ni kipande cha mwisho kabla ya ndoano. Sangara hana meno marefu, lakini mdomo wake umejaa vijino vinavyokwaruza kama msasa, na mfuniko wa matamvua yake una kingo kali. Funga mita moja na nusu ya nailoni nene, milimita 0.9 au 1. Kila ukimtoa samaki, pitisha nailoni hiyo katikati ya kucha mbili, polepole. Ukihisi mkwaruzo hata kidogo, kata ufunge upya. Kwenye mawe yetu haya fanya hivyo hata kama hujapata kitu.

Fimbo sasa. Mtumbwini futi 7 inatosha, iwe ngumu. Ukisimama juu ya mawe ya ufukweni, chukua futi 9 au 10 ili mshipi upite juu ya miamba. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo inayopitisha mshipi. Ikiacha nyuzi, pete ina ufa na itakukatia mshipi.

Ndugu wa ughaibuni wanakuja na fimbo za kurushia chambo cha manyoya, namba 8 (namba ikipanda, fimbo ina nguvu zaidi), wanazovulia samoni kule Marekani. Kule zinafaa sana. Kwa sangara wetu nashauri namba 10 hadi 12, na mshipi unaozama.

Beba koleo refu, glovu na rula: sangara chini ya sentimita 50 sheria hairuhusu, mrudishe haraka majini. Na kama safari ni ya Rubondo, ile ni hifadhi ya taifa, shughulikia kibali mapema.