Uliza Fundi: Kisu kililia "ti", kikakatika

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa Morogoro, nachomelea mageti kwahiyo moto siuogopi, ila kufua kisu imenishinda. Nilipata kipande cha springi ya Fuso kwa wauza skrepa, nikatengeneza jiko la mkaa kwa rimu ya gari, drai ya nywele ndo inapuliza. Nikafua nikapata shepu safi kabisa ya kisu cha mpishi, nikakipasha mpaka kikawa chekundu nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikalia "ti". Nikajua ndo kimekubali, kumbe ufa, kilipodondoka sakafuni kikawa vipande viwili. Tatizo ni springi au mimi? Alafu fuawe sina, nagongea kwenye jiwe.

JIBU: Marahaba kijana. Springi uiache, haina kesi. Springi za bapa nyingi zina kaboni kama asilimia 0.6 hivi pamoja na kromiamu kidogo, chuma kizuri sana kwa kisu cha kwanza, hata simi za Wamasai unazoziona sokoni siku hizi nyingi zinatoka humohumo kwenye springi. Ila chuma cha aina hiyo kinataka mafuta, sio maji. Maji yanavuta joto haraka mno, nje kunakakamaa huku ndani bado kuna moto, chuma kinajivuta chenyewe kwa chenyewe mpaka kinapasuka, na ule mlio wa "ti" ndo ufa wenyewe unafunguka. Na hata kisingepasuka bado kingevunjika tu siku ya kwanza jikoni, maana hukukirudisha kwenye moto mdogo baada ya kukizamisha. Chuma kilichotoka tu kuzamishwa ni kigumu kweli lakini hakina uvumilivu hata kidogo.

Usitupe vile vipande. Angalia pale kilipokatikia, ukiona punje kubwa zinang'aa kama sukari ujue ulikipasha kupita kiasi, ukiona kijivu laini kisicho na mng'ao bas moto wako ulikua sawa. Nahisi utakuta sukari, kwasababu umeniandikia "mpaka kikawa chekundu" na mtu anayesema hivyo anakua hajajua chekundu kipi. Hapo ndo kazi yote ilipo. Nyundo utaizoea haraka maana mkono unao tayari, kinachomchelewesha anayeanza ni macho.

Kwanza toka juani. Jua la saa sita linadanganya, chuma kinaweza kuwa na moto mkali we ukakiona cheusi ukaongeza tena. Fanyia kwenye kibanda chenye kivuli lakini kilicho wazi pembeni, na nasema wazi kwasababu moshi wa mkaa usioonekana unaua, usije ukajifungia stoo. Wafipa kule Rukwa walikua wanayeyusha chuma kwenye malungu, yaani matanuri ya udongo, marefu kuliko mtu, hakuna cha kipima joto, ni macho na mazoea. Na wewe utafika.

Wakati wa kufua unataka rangi ya chungwa. Kikishuka kuwa chekundu cha giza acha kugonga, rudisha motoni, ukilazimisha hapo unatengeneza nyufa ambazo utaziona baadae sana. Na kikianza kutoa cheche chenyewe kikiwa bado jikoni, kile kipande kimeungua, kata utupe, hakitengenezeki.

Ukimaliza kufua usikimbilie kuzamisha. Tafuta sumaku, hata ya spika iliyokufa, ifunge na waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 za selsiasi kinaacha kushikwa na sumaku, na hicho ndo kipimo chako cha bure. Kipashe mpaka sumaku ikikatae na kidogo juu ya hapo, kitoe, kiache kipoe chenyewe hewani mpaka kiwe cheusi. Rudia mara tatu. Watu wanaruka hii hatua kwasababu haionekani kufanya kitu, lakini ndo inayopanga zile punje upya na kutuliza chuma kilichopigwa nyundo mchana kutwa, bila hiyo kisu kinajipinda kwenye mafuta. Kama unataka kukitoboa matundu ya mpini na kukipiga tupa, kipashe tena alafu kifukie kwenye majivu makavu mpaka kesho yake, kitakua laini.

Makali usiyamalize kabla ya kuzamisha. Yaache na unene wa milimita 1 mpaka 1.5, yakiwa membamba zaidi yanajikunja au yanapasuka, utakuja kuyamalizia baadae taratibu huku ukichovya kwenye maji kila yakipata moto.

Sasa mafuta. Alizeti ya kawaida inatosha, lita nne hivi, kwenye chombo cha CHUMA kirefu, sio ndoo ya plastiki tafadhali, na mfuniko wake uwe karibu maana mafuta yatawaka juu na ukifunika yanazima. Mafuta yanayowaka usiyamwagie maji hata siku moja. Yapashe mpaka nyuzi 50 au 60, mafuta ya baridi ni mazito hayapozi vizuri. Oili chafu ya gari wengi wanatumia, mi siipendi, moshi wake ni uchafu mtupu. Kisu kikivuka sumaku na kuongeza kidogo, kama nyuzi 820 mpaka 840, kitumbukize ncha kwanza, kisimame wima, chezesha mbele na nyuma kufuata makali, ukichezesha kulia na kushoto kitapinda. Kikipoa piga tupa kwenye makali: ikiteleza bila kung'ata, umepata. Ikila, rudi kwenye moto. Alafu siku hiyohiyo kirudishe kwenye moto mdogo wa nyuzi 200, saa moja mpaka mbili, kipoe, tena mara ya pili. Usikiache mpaka kesho, vipo vinavyopasuka vyenyewe usiku mezani.

Jiwe achana nalo, linarusha vipande machoni (na miwani uvae, hilo halina mjadala). Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ukikichimbia kwenye gogo gumu ni fuawe tosha kwa kisu. Kipande cha reli ni kizuri zaidi ila nunua chenye risiti, usije ukang'oa njia ya treni ukaenda kulala ndani kwa ajili ya kisu. Kimo chake kifike kwenye ngumi yako ukiwa umesimama mikono imening'inia.

Na mwisho, punguza hamu. Kisu cha mpishi ni kirefu na chembamba, kinapinda kirahisi kuliko vyote. Anza na kidogo chenye makali ya sentimita 8 au 10, na tafuta springi ya pikapu, ya Fuso ni nene utachoka kabla hujajifunza chochote.

SWALI: Niaje fundi, niko Kisumu. Springi huku wanauza bei, lakini nondo ziko kila saiti. Naeza tumia nondo? Ama paipu ya maji?

JIBU: Nondo hapana. Nyingi zina kaboni kidogo, utazamisha mpaka mafuta yaishe na tupa bado itakula. Lakini zichukue tu, fua nazo koleo na ujifunzie kuchonga ncha, hakuna chuma cha bei poa cha kukosea kuliko hicho. Paipu ya maji usiiweke kabisa kwenye moto, ile rangi ya fedha ni zinki, ikiungua inatoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unatetemeka kama una malaria. Kama springi ni ghali ulizia tupa kuukuu kwa mafundi wa jua kali, zina kaboni nyingi zaidi, ila usage meno yote kwanza maana kila jino linaweza kuanzisha ufa, na hiyo ukiizamisha uwe mwangalifu mara mbili.

SWALI: Fundi mi ni dada wa Tanga, kisu changu kimetoka kwenye mafuta salama na tupa inateleza, lakini kwenye kukirudisha moto mdogo wa 200 mama amegoma kabisa, chuma kisiingie kwenye oveni yake ya keki. Nifanyeje?

JIBU: Hongera dada, na mama yuko sahihi, kisu chenye mafuta kitanukisha keki mwezi mzima. Chukua sufuria nzito iliyokufa, jaza mchanga mkavu kabisa, weka kwenye jiko la mkaa moto wa chini. Kisugue kisu kwa msasa mpaka king'ae upande mmoja, kilaze juu ya mchanga alafu kaa hapohapo ukitazama rangi, na mkononi uwe na koleo. Itaanza manjano ya majani makavu, hapo uko karibu na 200, ndo unapotaka. Ikielekea kahawia kitoe haraka, ikifika zambarau na bluu umelegeza makali na inabidi uzamishe upya. Mchanga hauna joto sawa kila mahali kwahiyo geuza geuza, na mgongo wa kisu ndo ukae upande wenye moto zaidi, sio makali. Kikipoa kisugue tena king'ae na urudie mara ya pili. Kama unaweza kupata kaoveni kadogo ka mtumba nunua, mchanga unafanya kazi ila unachosha.

SWALI: Mpini wa mti gani? Niko Dar.

JIBU: Mninga, unachongeka vizuri na hausumbui. Mpingo ni mzuri zaidi na mabaki utapata kwa wachonga vinyago Mwenge, ila ni mgumu, utaua drili na vumbi lake linawasha kifua, vaa barakoa. Gundi ya epoksi pamoja na pini mbili za shaba, na pini uzigonge taratibu maana mpingo unapasuka.