Mnaoanza projekti za kinga ya samaki, msianze na panya

Wadogo zangu mnaokuja kufanya risechi za sato hapa Mwanza, proposo zenu nyingi ni nzuri tu, vizimba, magonjwa, kinga, alafu ukifika ukurasa wa tatu unakuta mchoro wa TLR4 (moja ya TLR, vipokezi vya kinga) imeshika LPS ya bakteria (kitu cha utando wa nje wa baadhi ya bakteria), mshale mpaka MyD88, mshale mpaka NF-kB (protini zinazopeleka taarifa ndani ya seli), imeisha. Huo mchoro ni wa panya na binadamu. Umenyanyuliwa kwenye kitabu cha udaktari ukabandikwa juu ya samaki, na hapo ndo shida inapoanzia.

Inaeleweka lakini, manake historia yenyewe ilipita huko. Janeway, mwanasayansi wa kinga, alitoa wazo mwaka 1989 kwamba lazima mwili una vipokezi vya kuzaliwa navyo vinavyotambua alama za vijidudu, 1996 kikundi cha Hoffmann kule Strasbourg wakaonyesha nzi wa matunda asiye na jeni nzima ya Toll (ndiyo iliyozipa TLR jina, Toll-like receptor) anauliwa na fangasi kirahisi, 1998 Beutler na wenzake wakakuta wale panya wasioshtuka na LPS wana kasoro kwenye TLR4. Nobel ya 2011 Hoffmann na Beutler wakaigawana na Steinman. Nzi, panya, binadamu, samaki hayumo kwenye hadithi.

Wazo lenyewe la Janeway ni jepesi. Mnunuzi pale mwaloni Kirumba hajui sangara huyu kavuliwa saa ngapi wala na nani, yeye anafunua tamvua, anacheki rangi, anabonyeza nyama, kashaamua. Risepta, yaani vipokezi hivyo, nazo hazimjui bakteria kwa jina, zinashika kitu ambacho vijidudu wanacho na mwenye mwili kwa kawaida hana: flagelini ya ule mkia wa kuogelea, RNA ya nyuzi mbili, DNA yenye CpG isiyofunikwa na methili.

Sasa kwa samaki mambo yanabadilika. Fugu (samaki wa sumu wa Japani) hana TLR4 kabisa. Zebrafish (samaki mdogo wa maabara) anazo zenye jina hilo, ila zilipojaribiwa mwanzoni hazikuijibu LPS kama za panya, baadae ndo ikaonekana moja inaweza kujibu kiasi ikiwa na msaidizi wake MD-2. Na samaki kwa ujumla anavumilia dozi ya LPS ambayo mnyama wa damu moto ingemwangusha. Kwaiyo jina la jeni sio ushahidi wa kazi, hilo liandikeni ukutani kabisa. Kuna TLR22 ambayo sisi mamalia hatunayo, kwa fugu inakaa juu ya seli inashika RNA ndefu ya nyuzi mbili, wakati TLR3 iko ndani inashika fupi. TLR5 nayo, ile inayoshika flagelini, samaki kama trauti anayo ya kwenye utando na nyingine inayoelea yenyewe nje ya seli. Na samaki kodi (cod) wa Atlantiki ndo kituko, jenomu yake ilipotoka 2011 ikaonekana hana MHC daraja la pili (protini zinazoonyesha vipande vya vijidudu kwa seli za kinga), kitu ambacho kitabuni tunaambiwa huwezi kuishi bila hicho, badala yake ana nakala nyingi za baadhi ya TLR, na anaishi zake.

Ushauri wangu ni kwamba anzeni na mdudu, yaani kijidudu cha ugonjwa. Kaeni na karatasi muulize huyu mdudu wangu ana nini mwilini. Streptococcus agalactiae hana flagela wala hana LPS, sasa kwanini unapima TLR5? Mwangalie TLR2 na lipoprotini (protini zenye mafuta) inazozishika. Aeromonas hydrophila ana mkia, hapo TLR5 ina maana. Virusi vya TiLV (vya ugonjwa wa sato), vile vilivyoelezwa 2014 na vikaja kuripotiwa 2018 kwa PCR (kipimo cha kunakili jeni) kwenye sato wa Ziwa Victoria, ni vya RNA yenye vipande 10, kwaiyo nenda TLR3, TLR22, TLR7 na familia ya RIG-I, zote za kutambua RNA. Ukishafanya hivo nusu ya proposo imejiandika.

Alafu praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR. Mababu wa samaki wengi wenye mifupa walijirudufu jenomu nzima zamani sana, ndo maana unakutaga jeni moja ya binadamu ina nakala mbili kwa samaki, na praima yako ikizishika zote mbili hujui umepima nini. Jenomu ya sato ipo toka 2014, ilitoka pamoja na ya Pundamilia nyererei, furu wa huku huku kwetu aliyepewa jina la Mwalimu, kwaiyo hamna sababu ya kuazima praima za zebrafish.

Kwenye kuchukua sampo, samaki hana uboho wala tezi za limfu kama zetu, kwaiyo kateni figo ya mbele, ile nyekundu iliyoiva inayogandana na uti wa mgongo nyuma ya kichwa, na bandama, na tamvua pia. Fanyeni kule kule kizimbani na dawa ya kutunzia RNA ikiwa tayari, msisafirishe samaki mzima kwenye ndoo mpaka mjini, manake akifika stresi imeshavuruga kila kitu, na umeme nao mnaujua. Samaki wa kulinganishia washikwe vile vile na wale wagonjwa. Joto la maji liandikwe kila mara, kinga ya samaki inafuata joto la maji.

Lililo kubwa kuliko yote: TLR kupanda kwenye PCR haimaanishi hiyo TLR ndo imemtambua mdudu. Inaweza kupanda kwa sababu seli nyingine zimekuja pale, au homoni, au saitokaini (protini za kupeana taarifa kati ya seli) zimeisukuma. Kusema imetambua unahitaji seli zenye ripota (jeni inayotoa ishara risepta ikishtuliwa), au uizime jeni uone. Kama una PCR peke yake andika "jeni ilipanda baada ya maambukizi" na uishie hapo. Na LPS ya kununua, ile isiyosafishwa sana inakuwaga na lipoprotini ndani, samaki akijibu unajuaje kajibu kipi?

Jeni ya beta-aktini nayo wengi wanaitumia kulinganishia vipimo vya PCR kwa mazoea tu, ipimeni kwanza kwenye tishu zenu pamoja na EF1 alfa (jeni nyingine ya kulinganishia), mkiweza na ya tatu, ile isiyoyumba kati ya wazima na wagonjwa ndo mwendelee nayo.