Marufuku ya mbolea za viwandani: kwa nini mimi napinga

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali isipige tu marufuku mbolea na viuatilifu vya viwandani ili wote tuhamie kilimo hai kwa mkupuo. Mimi nalima, na kabla ya hapo nilikuwa bwana shamba, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona. Kilimo hai nakiunga mkono. Marufuku, hapana.

Tuanze na hesabu. Urea, mbolea ya viwandani, ina nitrojeni (kirutubisho kinachokuza majani) asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unakupa kilo 23. Samadi yenye nitrojeni asilimia 1 (na iliyoachwa juani ikanyeshewa inaweza isifike hapo) utahitaji tani 2 na kilo 300 kupata kiasi hicho hicho. Tena huipati yote msimu wa kwanza, maana samadi huachia virutubisho polepole kadiri inavyooza. Sasa mwenye mbuzi watatu atazitoa wapi tani hizo? Na nani atazibeba hadi shambani? Nashuku waandishi wengi wa sera hawajawahi kusukuma toroli la samadi kupanda mlima.

Sri Lanka walijaribu hicho unachotaka. Aprili 2021 serikali ya Rais Gotabaya Rajapaksa ilitangaza kuzuia uagizaji wa mbolea na viuatilifu vya kemikali, huku nchi ikiwa tayari imebanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Mbolea mbadala haikutosha, mavuno ya mpunga yakaporomoka, mchele ukaagizwa kutoka nje. Kufika Novemba mwaka huo huo marufuku ilikuwa imelegezwa. Jimbo la Sikkim, India, lilikwenda taratibu: lilitangaza nia mwaka 2003, likapunguza ruzuku ya mbolea hatua kwa hatua huku wakulima wakifundishwa mboji na kutafutiwa vyeti vya kilimo hai, na Januari 2016 ndipo likatangazwa kuwa la kilimo hai kikamilifu. Ni jimbo dogo, na kilimo chake hakikuwa kinatumia kemikali nyingi tangu mwanzo, lakini bado ilichukua zaidi ya miaka 12.

Kinachomuumiza mkulima ni ule muda wa katikati, wa mpito: ameshaacha kemikali lakini bado hajatambuliwa kuwa wa kilimo hai. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, shamba la mazao ya msimu hukaa kwenye mpito miaka 2 kabla ya kupanda, na la mazao ya kudumu miaka 3 kabla ya kuvuna. Muda wote huo unafuata masharti yote, mavuno yanaweza kushuka, na bado huruhusiwi kuuza kwa jina la kilimo hai. Wenzetu wa huko wana malipo ya ruzuku kwa hekta kwa anayepita kipindi hicho. Kwingine unaambiwa uvumilie.

Enzi zangu za ugani, fomu ya ruzuku ilikuwa na nafasi mbili tu za kujaza: mifuko ya mbolea ya kupandia na mifuko ya mbolea ya kukuzia. Mama mmoja aliyekuwa na marundo mazuri ya mboji akaniuliza aandike wapi. Hapakuwa na pa kuandika, akaweka sifuri na hakupata kitu. Msimu uliofuata aliomba mifuko kama majirani zake, na mboji akaacha kuigeuza. Nani angemlaumu? Mimi ningeanzia hapo: vocha ile ile ya ruzuku mkulima aweze kuichukulia mboji, mbegu za mikunde au hata toroli, akitaka.

Na wewe binafsi, usisubiri serikali, ila usikate mbolea ghafla. Panda mikunde, kama maharage au kunde, na ikianza kutoa maua chimbua mmea mmoja taratibu, usiung'oe kwa nguvu vinundu vya kwenye mizizi vikabaki ardhini. Pasua vinundu kwa ukucha. Ndani vikiwa na wekundu wa waridi, bakteria waliomo wanabadili nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Vikiwa vyeupe au vya kijani, mfuko wako bado unauhitaji.