Chupa za usiku: jibu kwa aliyeuliza ubunifu unaanzia wapi kwenye kampuni kongwe

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Kampuni ina miaka zaidi ya 20, mkurugenzi amekukabidhi kazi ya kuleta "utamaduni wa ubunifu", na mpango uliopo ni kufungua ofisi maalumu, kutundika sanduku la maoni na kushindanisha wafanyakazi kwa zawadi. Unauliza uanze na lipi. Mimi ningeanza na masupavaiza wako, tena na namna wanavyolipwa. Nasema hivyo kwa jambo linaloniuma mpaka leo.

Nilikuwa supavaiza wa zamu kwenye kiwanda cha mafuta ya kula hapa Dar. Katoni zetu za chupa za lita moja zilikuwa zinafika mikoani zimelowa. Gari linaondoka na mzigo mzima, likifika Mbeya mwenye duka anakataa katoni za chini. Ofisini walilaumu madereva, wakalaumu barabara, wakabadilisha hadi aliyekuwa anatuletea vifuniko. Mafuta yakaendelea kuvuja.

Siku moja mama mmoja wa kufungasha, mtu mzima niliyemkuta pale, aliniita pembeni. "Mwanangu, chupa za usiku zinakuja za moto mkononi. Zikipoa zinabonyea. Katoni yake ukiiweka chini haiwezi kubeba wenzake."

Alikuwa sahihi kabisa. Mchana tulijaza kutoka kwenye matangi ambamo mafuta yameshakaa na kupoa. Usiku tangi likikauka tulivuta moja kwa moja kutoka mtamboni, mafuta yakiwa bado na joto. Mafuta ya moto yakipoa hupungua ujazo. Chupa ya plastiki iliyokwisha kufungwa inavutwa kwa ndani, na ikishabonyea haihimili uzito wa katoni za juu. Mikono yake ilikuwa imelijua hilo wakati sisi tunagombana vikaoni.

Nikamjibu, "Nimekusikia, mama." Sikulifikisha popote. Kulifikisha kungekuwa kusimamisha mashine usiku tusubiri mafuta yapoe, na bonasi yangu ilihesabiwa kwa tani zinazotoka kwenye zamu. Katoni zilizorudi ziliandikwa kwa watu wa mauzo. Nikanyamaza karibu mwaka mzima. Yule mama hakunijia tena na neno lolote, na wenzake waliotuona siku ile tukizungumza nao hawakuja. Nilikuja kumwomba radhi baadaye sana.

Alipoletwa meneja mpya wa uzalishaji, wiki yake ya kwanza aliingia zamu ya usiku, akasimama na watu wa kufungasha na kuwauliza kazi inawasumbua wapi. Mama akamwambia yale yale. Meneja akapanga marundo mawili ya katoni, moja la chupa zilizojazwa za moto na moja la zilizopoa, akayaacha siku tatu. La kwanza liliinama kila mtu analiona. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililobadilisha kiwanda: mzigo unaorudi ukaanza kukatwa kwenye hesabu ya zamu iliyoujaza. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nawafuata akina mama na kuwauliza wameona nini.

Kuna la pili alilofanya. Fundi wetu mmoja alibuni kifaa cha kukazia vifuniko vya madumu ya lita 20. Tulikijaribu, kikapasua vifuniko vingi na tukapoteza nusu zamu. Asubuhi kila mtu alikuwa anautazama uso wa meneja. Alimpa fundi nafasi aeleze alichojaribu na mahali kilipogomea, akauliza nani ana wazo la kukirekebisha, kisha akamwambia mhasibu hasara ile iandikwe kwenye fungu la majaribio, isiguse zamu ya mtu. Kile kifaa hakijawahi kufanya kazi. Lakini kuanzia asubuhi ile mafundi walianza kuleta mambo waliyokuwa wameyaficha kwa miaka.

Wakubwa wa dunia nao ukiwachunguza utaliona hilo hilo. Toyota walianza mfumo wao wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951, na kwenye mstari wa kuunganisha magari mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wake anakuja pale pale. Kamba hiyo ina maana kwa sababu kuna mtu anayekuja. Na M-Pesa: majaribio ya Vodafone na Safaricom ya mwaka 2005 yalilenga watu walipe kwa simu marejesho ya mikopo ya Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya Kenya. Wateja wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, wengine wakiweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika. Waliosimamia walikubali kujifunza kutoka kwa wateja, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa ya kutuma pesa. Fikiria kama wangekuwa wanapimwa kwa marejesho ya mikopo peke yake. Wangeiona tabia hiyo kuwa usumbufu, wakaizuia.

Sanduku la maoni silipendi kwa sababu halijibu. Kama lazima liwepo, basi kila karatasi ipate jibu ndani ya wiki, hata likiwa "hapana" na sababu yake. Zawadi nazo zinagombanisha: wazo la kiwandani mara nyingi ni la watu watatu, ukimvika mmoja taji wale wawili watafunga midomo.

Kwa hiyo kesho, kabla hujaomba bajeti ya ofisi, nenda kwa mhasibu umuulize jaribio likishindwa hasara inaandikwa kwa nani. Kisha chukua kanuni ya bonasi ya masupavaiza wako, uisome mstari kwa mstari. Ukiweza iweke hapa bila jina la kampuni, tuiangalie pamoja.