Msalaba wa Muiredach Haupigwi Picha Alfajiri

Wiki mbili zilizopita picha yangu ya Msalaba wa Muiredach ilitundikwa kwenye ukuta wa maktaba ya mji ninaoishi hapa kaunti ya Louth, Ayalandi, na tangu siku hiyo nimepokea ujumbe usiopungua ishirini, karibu wote wenye swali moja: nimetumia kamera gani? Naomba niwajibu hapa mara moja. Ni kamera niliyoinunua mkononi mwa mtu miaka sita iliyopita, ambayo kitufe chake hunata kukiwa na baridi, na ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyonipa picha mbaya za msalaba huo huo kwa miaka miwili mizima. Kilichobadilika ni saa niliyofika pale.

Kwa wasioujua, msalaba huu umesimama katika makaburi ya Monasterboice, mahali palipokuwa na monasteri ya watawa tangu zama za mwanzo za Ukristo wa Ayalandi. Una urefu wa mita 5.5 hivi, ulichongwa karibu na mwanzo wa karne ya 10, na pande zake zote zimejaa watu wa Biblia: Adamu na Hawa, Kaini akimuua ndugu yake, Daudi na Goliathi, Mamajusi wakimletea mtoto zawadi. Katikati ya uso wa mashariki kuna Siku ya Hukumu, na katikati ya uso wa magharibi kuna Kristo msalabani. Chini kabisa upande wa magharibi wamelala paka wawili, na karibu nao yamechongwa maneno ya Kiayalandi cha kale yanayomwomba mpita njia amwombee Muiredach aliyeufanya msalaba usimame. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimekua nikicheza karibu na magofu ya Tongoni, kwa hiyo makaburi ya kale hayanitishi. Lakini jiwe lenye watu wengi hivi sikuwa nimewahi kuliona.

Nilifanya kama kila mtu anavyoshauriwa, yaani niliamka usiku, nikafika kabla ya jua, nikasimika stendi ya kamera mbele ya uso wa mashariki na kungoja. Jua likachomoza nyuma ya mgongo wangu, likalipiga jiwe usoni, rangi ikawa ya dhahabu, nami nikajiona nimefika. Nilirudi hivyo mara tatu kwa miezi tofauti. Picha hizo nilizipeleka kwenye kikundi kimoja cha wapiga picha, ambako mwamuzi alizitazama kwa muda usiozidi ule wa kupiga chafya, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba zingeweza kuwa za jiwe lolote lile. Wenzangu walicheka kidogo. Nilicheka pia, na sitawadanganya, neno hilo ninalo hadi leo. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilipofika nyumbani na kuzitazama upya, niliona kwamba alikuwa amesema kweli, kwani watu wa Biblia walikuwa wamelala bapa kama chapati.

Jibu nililipata kwa usingizi. Mwezi wa Januari mwaka uliopita nilitoka zamu ya usiku nikaendesha gari moja kwa moja hadi Monasterboice, nikafumba macho kidogo kwenye kiti ili ningoje mapambazuko, na nilipoyafumbua ilikuwa imekwisha pita saa sita mchana. Nilikasirika mno. Nilishuka nikiwa na nia ya kunyoosha miguu tu, nikapita kando ya msalaba, na hapo ndipo nilipomwona Malaika Mikaeli akipima roho katika ile Siku ya Hukumu. Jua lilikuwa chini upande wa kusini, yaani kushoto kwangu, likiparuza uso wa mashariki kwa ubavu kiasi kwamba kila kidole, kila pindo la vazi, kila kichwa kilikuwa na kivuli chake. Mizani ya Mikaeli ilikuwa imejitokeza kana kwamba imechongwa jana, na chini yake yule shetani aliyelala chali akijaribu kuivutia kwake alikuwa na mkono ambao sikuwa nimewahi kuuona katika ziara zote tatu. Upande mmoja waliookolewa wamemwelekea Kristo, upande mwingine waliohukumiwa wanafukuzwa wamegeuza migongo. Mwanga huo ulidumu kama dakika ishirini, kisha jua likavuka kusini na uso wote ukaingia kivulini kama mtu aliyezima taa.

Ukifikiri, jambo lenyewe ni rahisi. Misalaba hii inatazama mashariki na magharibi, kwa hiyo jua la alfajiri, hasa katika miezi ya Machi na Septemba, huupiga uso wa mashariki kwa mbele na kufuta vivuli vyote. Mwanga wa ubavuni huja pale jua linapokaribia kusini kamili, jambo ambalo hapa Ayalandi hutokea kama saa sita na nusu mchana wakati wa baridi, na kama saa saba na nusu katika miezi ya joto saa zinapokuwa zimesogezwa mbele. Uso wa mashariki upige muda mfupi kabla ya hapo, uso wa magharibi muda mfupi baada yake. Sisi tuliotoka karibu na Ikweta tumezoea kufungia kamera mkobani saa sita, kwa sababu kwetu jua huwa utosini. Januari huku, jua la saa sita liko chini kama jua letu la saa kumi na moja jioni. Tabia niliyotoka nayo nyumbani ndiyo iliyonichelewesha miaka miwili.

Kwa hiyo chukueni dira, au ile iliyomo kwenye simu, mjue jiwe linatazama wapi kabla ya kuchagua saa. Simameni mbali na kutumia lenzi ndefu, la sivyo msalaba wa mita tano utaonekana unaangukia nyuma. Siku ya mawingu, mwenzako akusaidie kushika flashi pembeni kabisa mwa jiwe, iparuze kama jua lile. Na mjue saa. Nimekwisha sema hilo, lakini nalirudia kwa kuwa najua kuna atakayeniuliza tena kuhusu kamera.

Kuna kosa jingine ambalo naliungama kwa aibu. Huko Clonmacnoise, monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Ciarán katika karne ya 6 kando ya mto Shannon, niliupiga Msalaba wa Maandiko kwa saa nzima nikiwa nje kwenye upepo, nikauweka mtandaoni kwa maneno mazito kuhusu vidole vyangu kugusa jiwe la miaka elfu moja. Msalaba ule wa nje ni nakala. Wa asili ulihamishiwa ndani ya jengo la wageni ili mvua isiendelee kuula, na mimi nilikuwa nimeupita mlangoni nikikimbilia mwanga. Aliyenirekebisha alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Someni kibao kwanza, ndugu zangu. Kibao ni cha bure.

Magofu mengi mengine hayana kibao wala lango la serikali, yamo katikati ya mashamba ya watu, na Ayalandi hakuna haki ya jumla ya kukatiza shamba la mtu kwa sababu tu kuna jiwe la kale ndani yake. Bisheni hodi. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akaniuliza kama lango nimelifunga, na niliposema ndiyo akaenda mwenyewe kuhakikisha, kisha akanipeleka hadi kwenye jiwe lenye alama za Ogham, maandishi ya kale ya Kiayalandi, ambalo nisingeliona peke yangu kwa sababu lilikuwa limezungukwa na miiba. Alama zile ni mikato tu kwenye pembe ya jiwe, na nimeshuhudia mtu akizijaza chaki ili zionekane vizuri. Kwa hilo sina upole. Anayepaka chaki, anayekwangua madoa ya mimea kwa brashi ya waya, anayepanda juu ya ukuta wa kanisa lisilo na paa ili apate picha ya kifua mbele, huyo hapigi picha, anabomoa. Na droni pia, kwenye magofu yanayotunzwa na serikali, hairushwi bila kibali.

Mvua isiwakimbize. Kanisa dogo la Gallarus huko Kerry, lililojengwa kwa mawe matupu bila chokaa na lenye umbo la mashua iliyopinduliwa, huwa la kijivu kilichofifia siku ya jua, lakini likilowa kila jiwe hupata rangi yake. Mimi huenda na vitambaa vitatu vya kufutia lenzi, na vyote hurudi vimelowa chapachapa. Newgrange, kaburi la kale lililojengwa yapata mwaka 3200 KK, hairuhusiwi kupiga picha ndani, kwa hiyo humo ingieni mtazame kwa macho.

Hata Monasterboice kwenyewe sijamaliza. Chini ya mkono wa kaskazini wa msalaba umechongwa mkono wa Mungu, na upande huo hauoni jua kabisa wakati wa baridi. Hulipata katika miezi ya joto tu, tangu linapochomoza kaskazini-mashariki hadi kama saa mbili na nusu asubuhi linapovuka mashariki kamili, na tena jioni kabla halijatua. Nimekwisha mwomba mwenzangu kazini abadilishane nami zamu za wiki ya tatu ya Juni, naye amekubali kwa sharti kwamba nimfanyie Krismasi.