Tabora na Kigoma zianze na daftari la miti

Msomaji wa Ujiji ameuliza kwa uchungu: mbona miji yetu yenye miembe mikubwa hivi haitajwi popote kwa utunzaji wa miti?

Mlango upo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na shirika la Marekani la Arbor Day Foundation walianzisha mwaka 2018 Tree Cities of the World, mpango wa kuitambua miji inayotunza miti yake. Mji hupimwa kwa mambo matano: idara au kamati inayowajibika kwa miti, sheria ndogo, orodha ya miti, fungu la bajeti, na sherehe ya miti kila mwaka. Sifa hiyo ni ya mwaka mmoja, mwakani mnaomba upya. Kamati na sheria ndogo baraza la madiwani linaweza kuzimaliza vikaoni. Kazi ngumu ni daftari, yaani hiyo orodha ya miti.

Anzeni na mtaa mmoja. Watu wawili, simu yenye GPS ya kuchukulia mahali kila mti ulipo, na kamba isiyovutika. Zungusheni kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha muipime. Penye mteremko, simameni upande wa juu. Gawanyeni mzingo kwa 3.14: mwembe wenye mzingo wa sentimita 314 una kipenyo cha mita moja. Mkipima huu kifuani na ule kiunoni, takwimu za mwakani hazitalingana na za leo. Andikeni pia aina, matawi makavu, mapango, misumari ya mabango, saruji iliyobana shina, na uyoga kwenye tako la mti. Huo uyoga msiupuuze: mara nyingi mizizi inaoza huku majani bado ni ya kijani.

Halafu kuna suala la panga na ukataji wa matawi. Kukata mti kichwa ili usiguse nyaya ni kuuharibu, na inauma kuona bado tunaita hiyo huduma. Kidonda kikubwa hakifungi, maji yanaingia, na machipukizi yanayoota pale yameshika juujuu tu. Baada ya miaka michache yanakatika kwa upepo. Tumieni msumeno, mikato mitatu kwa kila tawi. Wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, theluthi ya unene wa tawi. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule, tawi lianguke bila kuchuna gome. Wa tatu unaondoa kisiki nje kidogo ya ile pete iliyovimba tawi linapotokea shinani. Ukiikata pete, umeondoa sehemu inayofunga jeraha. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza kuelekea ndani. Msizidishe robo ya majani kwa mara moja.

Kuhusu kupanda: siku ya kitaifa ya kupanda miti ni Aprili 1, na Tabora mvua huwa zinaelekea kuisha. Mche wa siku hiyo unakutana na kiangazi cha miezi sita mizizi ikiwa bado ndani ya umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki uliooteshewa. Fanyeni sherehe Aprili, wekeni majina ya waangalizi kwenye daftari, lakini pandeni Novemba mwishoni au Desemba. Shimo sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza, kiriba kitolewe chote, shingo ya mche ilingane na ardhi. Uzio wa mbuzi siku hiyohiyo. Kuanzia Mei, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, imwagwe polepole kwenye kisahani cha udongo kuzunguka mche, hadi mvua za Novemba.