Difu ya mbele ikichemka, pima tairi kwanza

Lori la 6x4 lina eksili mbili za nyuma zinazosukuma, kila moja na difu yake, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu; iliyotangulia ndiyo difu ya mbele. Sindano ya joto la difu ikipanda, mafundi wengi hukimbilia kufungua difu. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi krauni na pinioni, gia kuu za ndani, hukutwa hazina kosa lolote.

Difu iliyobeba mzigo huchezea nyuzi 70 hadi 105 za Selsiasi. Kwenye mpando mkali kama wa mlima Kitonga, Iringa, ikigusa 110, kisha ikashuka ukifika tambarare, iache. Ikipita 120 na kung'ang'ania hapo, kuna jambo. Geji usiiamini peke yake. Lori likisimama tu, piga kipimajoto cha infraredi chini ya bakuli la difu, kwenye shingo ya pinioni na kwenye habu (vitovu vya magurudumu) zote nne. Oili ikipungua hadi kihisio kikabaki hewani, sindano huweza kushuka huku beringi zinaungua.

Habu moja tu ina moto? Ni breki inayobana au beringi ya hapo. Shingo ya pinioni pekee, tena difu imetoka kufungwa upya: beringi zimekazwa kupita kiasi. Difu ya mbele kuizidi ya nyuma nyuzi chache ni kawaida. Ikiizidi sana, shuku tairi.

Kwenye 6x4, ndani ya difu ya mbele mna difu ndogo inayogawa nguvu kwa eksili mbili. Barabara ikiwa imenyooka, hiyo inatakiwa iwe karibu imetulia. Sasa funga tairi mpya za saizi ya 315/80 kwenye eksili ya mbele kati ya hizo mbili, na zilizolika milimita 10 kwenye ya nyuma. Mzingo unatofautiana kama milimita 63, wakati kikomo ni kama 20. Kila kilomita, tairi za nyuma huzunguka karibu mara sita zaidi, na difu ndogo haipumziki safari nzima. Washa zake (vile visahani vyembamba nyuma ya gia) huungua kabla ya kitu kingine chochote. Zungushia kila tairi tepu ya chuma, upepo ukiwa sawa; usipime kwa jicho. Dereva anayesahau difu loki (swichi inayofunga difu ndogo isigawe) kwenye lami kavu naye anaichemsha difu, maana eksili mbili hubaki zikivutana.

Oili ipimwe lori likiwa mahali tambarare: iwe sawa na ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kidole kufikia oili ndani hakutoshi. Ikizidi pia ni kosa, maana hupigwa povu na kuchemka. Na kama habu zilifunguliwa, oili ya difu hutiririka kwenda kuzijaza. Nyanyua upande mmoja sentimita 15 kwa dakika moja, kisha upande wa pili, ushushe na uongeze. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Brita, tundu la kupumulia la difu, nayo ikizibwa na matope, presha husukuma oili nje kupitia sili ya pinioni. Ukibadilisha sili bila kusafisha brita, itavuja tena.

Yote yakiwa sawa, fungua bolti ya kumwagia oili uangalie sumaku yake. Uji laini wa kijivu ni mchakao wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au oili nyeusi yenye harufu ya kuungua: hapo ndipo difu ishushwe.